Valvu kwenye Sinia

Shemeji yangu Hatibu alikuwa mpole wa kuudhi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Mimi sikujaliwa hivyo. Mimi ni Sadalla, fundi cherehani wa Barabara ya Nane, na Ngamiani nzima inajua kwamba mteja akinirudishia suruali mara ya pili, ya tatu ataichukua ilivyo. Labda ndiyo maana tulipatana. Hasira nilikuwa nazo za kututosha sote wawili.

Kwao ni Pangani. Wakati wa vita alichukuliwa jeshini, akapelekwa Burma, na huko akajifunza kuendesha malori na kuyatengeneza. Aliporudi akapata kazi Tanga, akamwoa dada yangu Saleha. Baba yake alikuwa amemwachia kiwanja Pangani, mahali pazuri penye minazi, lakini kiwanja kisicho na nyumba hakilaliwi, na kazi ilikuwa huku. Basi akakaa kwa mama yetu, Bi Mwamvua, katika chumba cha uani. Alisema ni kwa muda tu. Muda huo ukageuka miaka.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu niseme hivi: mwanamume kukaa kwa mamamkwe wake si dhambi, ila ni mtihani. Mama alikuwa Mdigo wa upande wa Moa, na adabu ya mkwe aliishika kama alivyoshika swala zake. Miaka yote ile hakupata kusema na Hatibu ana kwa ana. Hatibu akitaka kuingia uani alikohoa kwanza, na mama akavuta kanga kichwani na kuugeukia ukuta. Chakula alikipika yeye, akakipanga kwenye sinia, akakifunika kawa, na Saleha ndiye aliyekipeleka. Hata maneno yalipita njia hiyo hiyo. Mama yuko jikoni, Hatibu yuko kwenye kibaraza cha chumba chake, kati yao pazia tu, na mama anasema, "Saleha, mwambie mwenzio mvua inakuja, aanue nguo zake." Hatibu amesikia kila neno. Lakini hanyanyuki. Anangoja mpaka Saleha atoke jikoni aje amwambie, "Mama anasema mvua inakuja." Hapo ndipo anapoinuka, na nguo zimekwisha kulowa.

Mimi mambo hayo yalikuwa yakinichemsha. Nilikuwa nashona kwenye baraza ya mbele ya nyumba ile, nayasikia yote, na zaidi ya mara moja nilitaka kupiga kelele kwamba mvua haina adabu ya mkwe. Lakini wao wawili walipendana kwa namna yao. Mama hakuwahi kumpa Hatibu minofu ya mkiani kama kichwa cha samaki kipo. Na Hatibu hakuwahi kurudi safari ya Pangani mikono mitupu. Aliweka furushi la visheti au kikapu cha dagaa mlangoni pa jiko, akakohoa, akaondoka.

Kazi yake ilikuwa ni kuendesha lori la Sherali, mfanyabiashara wa mbata, zile nazi zilizokaushwa. Lilikuwa lori la Kiingereza lenye bodi ya mbao, abiria mbele na magunia nyuma, likienda Tanga na Pangani na kurudi. Lilikuwa limechoka. Kwenye tambarare za Tongoni na Kigombe lilijikaza, lakini njia ikiinuka kidogo tu lilianza kukohoa, na abiria waliolipa nauli zao wakawa wanashuka kulisukuma. Watu walilitania. Walisema ukipanda gari la Sherali usivae viatu vizuri.

Siku moja Sherali akamwita Hatibu dukani kwake. Mimi nilikuwapo, nimekwenda kununua khaki. Alikuwa mtu wa haki, mzaliwa wa Tanga kama sisi, na alikuwa na desturi ya kusema jambo lake mara moja tu.

"Hatibu," alisema, "nimepata mbata za Mkwaja. Watu wa kule wanataka gari la kuwachukulia mzigo mpaka Pangani. Lakini ukivuka mto kwa pantoni tu, kuna kilima cha Bweni mbele yako. Gari hili linapanda Bweni?"

"Halipandi na mzigo, bwana," alisema Hatibu.

"Basi lifanye lipande. Likipanda na mzigo wake wote, bila mtu kushuka, nitaliweka Pangani moja kwa moja na wewe utakaa nalo huko. Likishindwa, bwana wa shamba la mkonge analiulizia kila wiki. Wao wanalitaka kwa kazi za tambarare, na madereva wanao. Jumamosi ijayo nitapanda nalo mwenyewe mpaka Bweni, nione. Jumatatu nimpe mtu jibu lake."

Hatibu alitoka pale amebadilika. Kwa kawaida alitembea ameinama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Siku ile alinyooka. Aliniambia kitu ambacho alikuwa hajakisema kwa miaka yote ile: kwamba amechoka kukohoa. Anataka kuingia kwenye ua wake bila ya kukohoa, amkute mkewe, akae atakapo, ale akiwa amevua shati. Pangani kiwanja kipo. Gari likikaa Pangani na yeye akikaa nalo, nyumba itasimama hata kama ni ya udongo.

Saleha aliposikia alianza kutenga vyombo vyake siku ile ile. Sufuria hii yangu, ile ya mama. Mama alimtazama tu, akasema Pangani si mbali.

Nilimuuliza Hatibu gari litafanywaje lipande kilima lilichoshindwa kukipanda tangu nilijue. Akavuta kigoda mbele ya cherehani yangu, akanieleza kwa subira, maana vyuma alivipenda kuliko watu wengi wanavyopenda watoto wao. Alisema ndani ya injini kila silinda ina milango miwili, mmoja wa kuingiza petroli na hewa, mmoja wa kutoa moshi. Milango hiyo ndiyo valvu: kichwa cha mviringo kama kifungo kikubwa cha koti, na mkia mrefu. Springi ndiyo inayoufunga kila mlango. Valvu za lori lile zilikuwa zimeungua kingo, na springi zimelegea, kwa hiyo milango haikufunga barabara, na nguvu yote ikawa inavujia nje. Lakini yeye alijua lilipo lori la jeshi lililopinduka zamani na kuachwa, lenye injini ya aina ile ile, ila ya kijeshi: valvu zake za chuma kigumu zaidi, springi zake kali. Angezitoa zile, azitie humu.

"Kuzitia tu?" niliuliza.

"Kuzitia si kazi, shemeji. Kazi ni kuzisaga. Kila valvu lazima isagwe na tundu lake mpaka vishikane, hata pumzi isipite. Ikisha kushikana na tundu lake, hiyo ni ya tundu hilo tu. Ukiipeleka kwa jirani haifungi."

Nilielewa vizuri kabisa. Mkono wa koti ulioushona kwa bega la kushoto huutii bega la kulia.

Basi akaenda akazileta zile za jeshi, akaifungua injini ya Sherali. Kile kifuniko kizito cha juu, chenye matundu ya valvu, akakipakia kwenye mkokoteni akakileta nyumbani, maana uwanja wa Sherali ulikuwa umejaa vumbi la mbata. Akakiweka uani, karibu na kisima, akaanza kusaga. Alikuwa na kopo dogo la dawa ya kusagia, uji mweusi wenye chenga, alilolipata dukani kwa Jivraj. Anapaka kidogo kwenye ukingo wa valvu, anaitumbukiza tunduni, anaishika kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya, kisha anakizungusha kijiti kati ya viganja viwili, huku na huku, kama mwanamke anavyopekecha mboga kwa upekecho. Anainua, anafuta, anatazama. Alikuwa akitafuta duara moja la kijivu, jembamba, lisilokatika popote. Lisipotimia anapaka tena, anapekecha tena. Alishinda hapo kutwa, siku baada ya siku, mpaka ngozi ya viganja ikachubuka.

Mama alimwona kupitia tundu la pazia. Aliniuliza mkwewe anapika nini katika lile dude. Nikamwambia anapika nyumba ya Pangani, na mama akacheka kidogo, akarudi jikoni.

Kila valvu aliyoimaliza aliichomeka katika ubao alioutoboa matundu kwa mpangilio, na kando ya kila tundu ameandika namba kwa chaki. Wakati huo huo nyumba ilikuwa na pilikapilika, kwa sababu mama alikuwa na maulidi yake ya kila mwaka, na mwaka ule yaliangukia jioni ya ile Ijumaa ya kuamkia safari ya Bweni. Ijumaa asubuhi Hatibu akaimaliza valvu ya mwisho. Dawa ya kusagia nayo ikaisha, kopo likawa tupu. Aliniita nije nitazame. Valvu zilisimama kwenye ubao kwa safu, na kila moja ina duara lake. Pembeni ameweka springi na vyuma vingine vidogo vidogo. Ubao aliuweka juu ya mkeka, akaufunika kitambaa, tukaenda kuoga tukawahi Ijumaa. Saleha alikuwa amekwenda kwa majirani kuazima masinia na majamvi. Nyumbani akabaki mama peke yake.

Tuliporudi msikitini, uani palikuwa pamefagiliwa na kumwagiwa maji, na pilau imejaza harufu nyumba nzima. Kwenye kibaraza cha Hatibu palikuwa na sinia limefunikwa kawa mpya, ile ya wageni. Tukafurahi. Tulidhani mama ametutangulizia chakula. Hatibu akanawa mikono, nami nikanawa, akasema bismillahi, akafunua.

Zilikuwa valvu. Zilikuwa zinang'aa kila mahali, kichwa na mkia, na zinanuka mafuta ya nazi. Zilipangwa duara kuzunguka sinia, vichwa nje na mikia ndani, kama samaki wa kukaanga. Katikati lilikaa bakuli la maua ambalo mama alilitoa kwa harusi tu, na ndani yake springi zimejazwa, na juu ya springi mama ameweka kishada cha asumini.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, laini, yenye furaha. "Sadalla mwanangu, Saleha hajarudi, basi mwambie wewe shemejio. Vyuma vyake n'liviona ni vichafu, na vi juu ya mkeka wa kukalia wageni. Nshavisugua kwa mchanga na kumbi za nazi mpaka vimetakata, na majivu nkatia, kisha nkavipaka mafuta visishike kutu. Lile zito s'kuliweza. Mwambie nami n'na mkono wangu katika safari yake. Kesho aende salama, arudi salama."

Niliyaangalia yale maduara ya kijivu. Hayakuwapo. Mchanga ulikuwa umekwangua kingo zote, mikwaruzo imepita juu yake kwenda na kurudi. Nikatafuta ubao wenye namba. Niliuona jikoni, chini ya sufuria ya pilau. Nusu yake ilikuwa imekwisha kuwa majivu.

Damu ilinipanda. Nilifungua kinywa nimwambie mama alilolifanya, na Hatibu akanishika goti, akalibana mpaka nikaumia.

"Mwambie ahsante," alisema taratibu.

"Shemeji."

"Mwambie ahsante, na Mungu amlipe."

Mama alikuwa hatua chache tu kutoka pale na amesikia kila kitu. Lakini alingoja, kama ilivyo ada. Basi nikasema, mimi Sadalla mwenye hasira zangu, "Mama, Hatibu anasema ahsante, na Mungu akulipe." Mama akaitikia kwa furaha, akarudi kwenye pilau yake.

Nilimvuta Hatibu nje, nikamwambia lazima mama ajue. Hakukubali. Hakuinua sauti, lakini sikupata kumwona mgumu vile.

"Miaka yote hii yule mama anatafuta la kunifanyia na hapati njia," alisema. "Leo kaipata. Kainama juani kanisugulia vyuma, mtu mzima yule. Ukimwambia kaniharibia, ataniangaliaje? Atanipikiaje? Mie ntakohoaje tena mlangoni pake? Ukimwambia, shemeji, mie nahama leo, na pa kuhamia sina."

Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Hakuna kitu kibaya kama kuwa na hasira ya haki na kukosa pa kuitua. Mama alikuwa ametenda wema, Hatibu alikuwa ameupokea kwa adabu, na kati ya wema na adabu nyumba ya Pangani ilikuwa inavunjika kabla haijajengwa.

Tukaenda kwa Jivraj kutafuta dawa nyingine ya kusagia. Jivraj alitafuta hata chini ya meza, akasema kopo lile lilikuwa la mwisho, na jingine mpaka meli ije. Tukazunguka kwa mafundi wa mjini. Mmoja alikuwa na kopo lililokauka kama matofali. Ikabaki njia moja, kwenda kwa Sherali kuomba siku chache.

Sherali alitukaribisha vizuri. Akamsikiliza Hatibu akisema hayuko tayari, anaomba mpaka wiki ijayo.

"Jana uliniambia umebakiza kidogo," alisema Sherali. "Kimetokea nini?"

Hatibu akaviangalia viganja vyake vilivyochubuka.

"Kitu kimevunjika? Umeibiwa? Unaumwa? Niambie sababu, Hatibu. Mtu wa mkonge nitamwambia nini? Nikiwa na sababu naweza kumzuia. Bila sababu siwezi."

Nilimtazama Hatibu. Angesema tu, mama mkwe wangu alizisugua. Sherali angecheka mpaka machozi, na kwa hakika angempa wiki. Lakini Sherali angemsimulia mkewe, na mkewe angewasimulia wenzake, na kabla ya magharibi wanawake wanaokuja kwenye maulidi wangekuwa wanamtania Bi Mwamvua mbele ya pilau yake mwenyewe kwa kumpikia mkwewe valvu. Hayo Hatibu aliyaona yote mara moja. Niliyaona akiyaona.

"Sina sababu, bwana," alisema.

Sherali akanitazama mimi. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa kwa neno la mtu mwingine, na sijapata kuuchukia mdomo wangu kama siku ile.

"Basi ni kesho," alisema Sherali, na sauti yake ilikuwa na huzuni.

Tulirudi nyumbani, Hatibu akakaa chini mbele ya lile dude. Alichukua valvu moja moja, akaijaribu katika kila tundu, anaizungusha, anasikiliza kwa vidole, anaitoa, anajaribu kwingine. Zilikuwa zinafanana kama punje za mchele. Alipokata tamaa ya kuzitambua, alizigawa tundu kwa tundu kwa kubahatisha, akachekecha majivu katika kitambaa changu cha melimeli mpaka yakawa laini kama poda, akayachanganya na mafuta ya nazi, akaanza kusaga upya kwa uji huo. Haukuwa na meno. Chuma cha jeshi kile kilikuwa kigumu, ndiyo sababu alikichagua, na sasa ugumu wake ulikuwa juu yake. Alipekecha, akapekecha, viganja vikatoka damu. Wanaume wakaanza kukusanyika barazani, moshi wa udi ukaingia uani, na mama akamtuma Saleha amwambie mwenzie avae kanzu, watu wamefika. Hatibu akazifunga valvu na springi zake hivyo hivyo zilivyokuwa, akanawa, akavaa kanzu. Wakati wa kisimamo, watu wote waliposimama na kila mmoja kumwomba Mungu haja yake kimoyomoyo, nilimwona amefumba macho. Sikuhitaji kuuliza anaomba nini, nami nikamwombea hilo hilo.

Asubuhi tukaifunga injini. Nilikwenda naye, nikamshikia spana, maana kushona nisingeweza. Likawaka. Na hapo, Mungu anisamehe, likatupa matumaini. Springi kali zilikuwa zimeipa injini sauti mpya, ya haraka, na Sherali aliyekaa mbele akatikisa kichwa kwa kuridhika. Magunia yalijaa nyuma, na mimi na abiria wengine juu yake. Tulipita Tongoni kama gari la serikali. Hatibu akanitazama mara moja kupitia kidirisha, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesamehewa.

Baada ya Kigombe injini ikapata joto, na tukaanza kusikia kishindo kimoja kimoja kwenye bomba la moshi. Kisha vikawa vinafuatana. Hatibu akapunguza mwendo, akamwambia Sherali ni petroli tu. Kwenye pantoni alifungua boneti akasimama mbele yake, hakugusa kitu. Hapakuwa na kitu cha kugusa. Kilichoharibika kilikuwa ndani, na dawa yake ilikuwa melini.

Tukashuka Bweni, akaanza kupanda. Mwanzo wa kilima lilikwenda. Abiria wenye kulijua lori lile wakaanza kushangilia. Lilipofika nusu likapiga mshindo kama bunduki, likatetemeka, likapunguza, likapunguza tena. Hatibu alikuwa amekanyaga mafuta mpaka mwisho na ameinama juu ya usukani kana kwamba angelisukuma kwa kifua. Likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma. Watu wakaruka, mimi nikaruka, na aliyeweka jiwe nyuma ya gurudumu alikuwa ni Sherali mwenyewe, na suruali yake nyeupe.

Alijifuta mikono, akamwendea Hatibu mlangoni. Nilingoja amkemee. Nilitaka amkemee, nipate wa kugombana naye.

"Umefanya uliloweza, Hatibu," alisema. "Gari ndilo bovu."

Hatibu alitikisa kichwa kukubali. Akashuka, akasaidia kuteremsha magunia.

Tulirudi Tanga jua linapunga. Nyumbani, Saleha alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, amevaa kanga mpya. Alimtazama Hatibu usoni mara moja, akainuka bila kuuliza, akaenda jikoni kutia chakula. Hatibu akakaa kibarazani. Nikakaa naye. Nyuma ya pazia tulisikia mama akiketi kwenye kibao chake cha mbuzi.

"Saleha," alisema mama, "mwulize mwenzio, gari limepanda?"

Hatibu alisikia. Alingoja. Saleha akatoka na sinia, akaliweka, akasema bila kumtazama, "Mama anauliza gari limepanda."

"Mwambie halikupanda."

Saleha akageuka kulielekea pazia, lakini hakukuwa na haja. Kisha tukasikia mama akivuta pumzi, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia kwa furaha na kuona haya nayo.

"Alhamdulillahi. Saleha, mwambie mwenzio asihuzunike. Mwambie mie s'kumtakia baya, Mungu shahidi wangu. Vyuma vyake n'mevisugua kwa moyo mweupe, ili asije akasema mkwewe kamnyima mkono. Lakini jana kwenye kisimamo n'limwomba Mungu asinitolee wanangu humu nyumbani, nikabaki na kuta. N'mefanya la mkono wangu, na hilo moja n'kamwachia Yeye. Basi kakata shauri. Mwambie Mungu katutaka tukae pamoja."

Hatibu hakuinuka wala hakuligusa sinia. Alikaa kama kawaida yake, mikono juu ya magoti, anangoja ujumbe umfikie. Saleha alisimama na pazia mkononi. Alijaribu kusema, "Mama anasema," akashindwa, akajaribu tena, akajifunika uso kwa ile kanga mpya, akaingia chumbani akafunga mlango.

Nikabaki mimi. Nilijua zamu ni yangu, na nilijua nikifungua kinywa yatatoka yote. Hatibu alinitazama, akaona hivyo. Akageuka mwenyewe kulielekea pazia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamjibu mama yangu bila mtu kati yao.

"Amina, mama," alisema.

Lori lilikwenda kwenye mkonge Jumatatu ile. Hatibu akapata kazi ya kupakia katani bandarini, na gari jingine hakulishika. Waliendelea kukaa katika chumba cha uani mpaka mama alipokufa, na kila mgeni aliyeingia nyumba ile alisimuliwa na Bi Mwamvua kwamba yeye ana mkwe ambaye, siku dua yake ilipokubaliwa, ndiye aliyeiitikia.